Kadi ya Baba na eneobunge lililofutwa

Baba aliiweka kadi yake ya kura kwenye kopo la misumari. Vyeti vyetu vya kuzaliwa vilikaa ndani ya Biblia ya Mama, lakini kadi ya kura ilikaa kibandani, kwenye kopo la maziwa ya unga lililojaa misumari midogo ya visigino. Mwaka juzi nililimwaga lile kopo mezani nikitafuta sindano ya kushonea soli, na kadi ikateleza pamoja na misumari. Plastiki imechubuka pembeni, gundi imeganda kwenye kona moja, picha yake imefifia mpaka yamebaki macho na masharubu. Lakini mstari wa eneobunge unasomeka vizuri: Nakuru Town.

Baba alifariki 2011. Mwaka uliofuata mipaka ikachorwa upya, na tulipopiga kura Machi 2013 Nakuru Town haikuwepo tena. Palikuwa na Nakuru Town Mashariki na Nakuru Town Magharibi. Kibanda alichoniachia kiko wadi ya Biashara, upande wa Mashariki. Chumba ninachopanga kiko Kaptembwo, upande wa Magharibi. Kila asubuhi nikipanda matatu kuja kazini navuka mpaka ambao Baba hakuwahi kuuvuka, ingawa alipita njia hiyo hiyo kwa zaidi ya miaka thelathini.

Jioni hiyo nilimpigia dada yangu nikamwonyesha kadi kwenye simu. Dada anaishi Canada, jijini Québec, mtaa unaoitwa Saint-Roch. Kifaransa alichosoma sekondari hapa Nakuru, ambacho majirani walimwuliza kitamsaidia nini, ndicho anachokila leo: anahudumia wazee kwenye nyumba ya wazee. Aliitazama kadi, akalia kidogo, akacheka, halafu akaniambia kuna mzee anayemwogesha ambaye kila akiulizwa kwao ni wapi hujibu, "Québec-Est." Hasemi jiji wala mtaa, anasema Québec-Est, yaani Québec Mashariki, na hilo lilikuwa eneobunge. Limefutwa miaka ishirini na zaidi iliyopita, na mzee bado anasema kwao ni huko.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma habari za eneobunge hilo usiku baada ya kazi, na dada akinitafsiria pale Kiingereza hakitoshi. Leo naandika niliyoyapata. Nayaandika kwa ajili ya Nakuru, na mtaona mbele kwa nini.

Québec-Est ilianza 1867, mwaka ule ule Canada ilipoanza kuwa shirikisho. Kule kuna bunge la mkoa na kuna bunge la nchi nzima lililoko Ottawa, na Québec-Est ilikuwa ikipeleka mtu Ottawa. Moyo wake ulikuwa Saint-Roch, sehemu ya chini ya jiji. Juu mlimani walikaa wakubwa wa serikali na wa dini, pamoja na kuta za mawe ambazo watalii hupigia picha. Chini walikaa wafanyakazi wanaozungumza Kifaransa. Zamani walijenga meli za mbao. Biashara hiyo ilipokufa wakaingia viwanda vya ngozi na viatu. Niliposoma hapo nilisimama, nikarudia. Ngozi na viatu! Watu wangu.

Katika uchaguzi wa kwanza hapakuwa na kura ya siri. Mpiga kura alisimama mbele ya watu akataja kwa sauti jina la anayemtaka, na tajiri wake akiwa pale pale anasikia. Sheria ya kura ya siri ilikuja 1874. Mtu wa Nakuru hahitaji kuelezwa jambo hili kwa kirefu. Baba alipanga mlolongo mwaka 1988, wakati wa mchujo wa KANU, nyuma ya mtu wa mgombea wake, na aliyepata zaidi ya asilimia 70 alipita moja kwa moja bila kusubiri kura ya siri. Alituambia kwamba alipogeuka kutazama foleni ya pili alimwona mwenye nyumba yake akimhesabu kwa macho. Mwezi uliofuata kodi ikapanda. Fundi wa Saint-Roch wa mwaka 1872 angemwelewa Baba bila mkalimani.

Mwaka 1877 ndipo eneobunge hili lilipopata mtu wake. Wilfrid Laurier alikuwa wakili kijana, mbunge wa Drummond-Arthabaska, na Oktoba mwaka huo akateuliwa waziri. Sheria ya wakati ule ilimtaka mbunge aliyeteuliwa waziri ajiuzulu kiti chake na kurudi kwa wapiga kura wamthibitishe. Akarudi kwao, wakamkataa kwa tofauti ya kura 29. Mapadri wengi walikuwa wamewaonya waumini kwamba Waliberali, watu wa chama chake, ni maadui wa Kanisa, na hii ni licha ya hotuba ndefu aliyoitoa Juni mwaka huo huo jijini Québec kueleza kwamba mtu anaweza kuwa Mliberali na Mkatoliki mwema.

Waziri asiye na kiti angefanya nini? Mbunge wa Québec-Est, Isidore Thibaudeau, mfanyabiashara, alijiuzulu ili ampishe. Novemba 1877 watu wa Saint-Roch wakamchagua Laurier kwa tofauti ya kura 315. Nimejaribu kukumbuka lini niliona mtu wa siasa akishuka kitini ili mwenzake aliyeshindwa apate pa kukaa, nikashindwa. Thibaudeau hana jina kubwa leo, lakini mimi namheshimu kuliko wengi waliomfuata.

Laurier hakuondoka tena. Alikuwa mbunge wao mpaka alipokufa Februari 17, 1919, miaka 41. Kati ya 1896 na 1911 alikuwa waziri mkuu wa Canada, wa kwanza kutoka kwa wanaozungumza Kifaransa. Siku hizo mgombea aliruhusiwa kusimama sehemu mbili, na 1896 alishinda Québec-Est na pia Saskatchewan, maelfu ya kilomita magharibi. Akabaki na Québec-Est. Hakuishi Saint-Roch, nyumba yake ilikuwa Arthabaska, baadaye Ottawa. Lakini mafundi viatu walimhesabu kuwa wao. Mwaka 1900, yeye akiwa waziri mkuu, wenye viwanda vya viatu vya jiji hilo waliwafungia wafanyakazi milango kwa sababu ya vyama vyao, na ikabidi Askofu Mkuu Bégin aitwe kuamua ugomvi. Nimejiuliza wafanyakazi hao walimwandikia nini mbunge wao majira hayo ya baridi.

Sasa nifike pagumu.

Mwaka 1917, katikati ya vita vya kwanza vya dunia, serikali ya Ottawa ilipitisha sheria ya kuwaingiza vijana jeshini kwa lazima. Laurier alipinga. Chama chake kikashindwa nchi nzima, ila mkoani Québec kilichukua viti 62 kati ya 65. Halafu Machi 28, 1918, Alhamisi ya kabla ya Pasaka, polisi wa serikali kuu waliingia mahali pa burudani Saint-Roch wakamkamata kijana ambaye hakuwa na karatasi yake ya msamaha wa jeshi mfukoni. Karatasi ililetwa, lakini watu walikuwa wamekwisha kujaa barabarani. Ghasia zikaendelea siku nne. Wakaletwa wanajeshi kutoka Ontario, watu wa Kiingereza, na usiku wa Jumatatu ya Pasaka, Aprili 1, bunduki zikafyatuliwa kwenye mitaa ya chini. Raia wanne wakafa. Mmoja, Georges Demeule, alikuwa mvulana bado, na kazi yake ilikuwa viatu.

Uchunguzi wa vifo ulifanyika mwezi huo huo, na wazee wa baraza wakasema wale wanne hawakuwa na hatia na familia zao zilipwe fidia. Hazikulipwa. Mbunge wao alikuwa mzee wa miaka 76, mwaka mmoja hivi kabla ya kifo chake. Mnara wa kuwakumbuka ulisimamishwa 1998, miaka 80 baadaye, kwenye makutano ya barabara za Saint-Joseph, Saint-Vallier na Bagot. Dada alitembea mpaka pale siku moja baada ya zamu, akanitumia picha kuna theluji. Hakuandika neno chini yake.

Alijua hahitaji kuandika. Januari 2008 nilikuwa na miaka 17. Baba Mmaragoli, Mama Mkikuyu, na sisi Kaptembwo. Ile wiki ya mwisho ya Januari, Nakuru ilipowaka, Baba alirudi mapema kutoka kibandani akiwa amebeba gunia. Tulidhani ni unga. Alipolifungua lilikuwa limejaa viatu vya wateja, pea kwa pea, kamba zimefungwa pamoja ili zisipoteane. Alisema kibanda kikichomwa, kichomwe, lakini viatu vya watu haviungui mikononi mwake. Tulizima taa tukalala sakafuni chini ya dirisha, mimi kichwa kikiegemea lile gunia, harufu ya rangi nyeusi na ngozi puani usiku kucha. Nje palikuwa na kafyu na wanajeshi. Mama hakutoka mlangoni siku sita, na Baba alijibu hodi zote yeye mwenyewe, kwa lugha ya aliyebisha.

Kibanda hakikuchomwa. Mwezi wa pili Baba alirudisha viatu kimoja kimoja. Wengine walikuwa wamehamia kambini, akawafuata huko. Pea moja haikuchukuliwa, viatu vyeusi vya shule, namba nne. Alivipaka rangi kila muhula unapofunguliwa, mpaka alipokufa.

Basi, niliposoma kuhusu wale wanne wa Pasaka na wale wa baraza waliosema wazi kwamba hawakuwa na hatia, nilielewa kwa nini yule mzee anayeogeshwa na dada hataji jiji. Kuna mambo yalitokea kwenye eneobunge. Huko ndiko anakotoka.

Baada ya Laurier alikuja Ernest Lapointe, Oktoba 1919. Huyu alikuwa amekaa Bungeni tangu 1904 kama mbunge wa Kamouraska, na alipofika Ottawa mara ya kwanza Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea maji tu. Akajifunza huko huko. Katika kipindi chake, uchaguzi mkuu wa 1921, akina mama wa Saint-Roch walipiga kura ya Ottawa kwa wingi kwa mara ya kwanza, ingawa kura ya bunge la mkoa walingoja mpaka 1940. Jambo lake linalonifurahisha zaidi ni la samaki. Machi 2, 1923, akiwa waziri wa uvuvi, alitia saini Washington mkataba kati ya Canada na Marekani kuhusu uvuvi wa halibut, samaki bapa mkubwa wa bahari ya Pasifiki. Waingereza walitaka balozi wao atie saini pia, kama ilivyokuwa desturi. Lapointe akatia peke yake. Ndiyo mara ya kwanza Canada kufunga mkataba na nchi nyingine bila mkono wa Uingereza kushika kalamu. Mjomba wangu wa Kisumu, aliyevua mbuta maisha yake yote na kuona nchi tatu zikigombania ziwa moja, nilipomsimulia alisema, "Kumbe nchi huanza kuwa nchi kwenye samaki." Nimeliweka neno lake hapa kama alivyolitoa.

Lapointe alikufa Novemba 1941, vita vingine vimepamba moto. Waziri mkuu Mackenzie King alihitaji mtu wa Québec haraka, akampata wakili wa karibu miaka 60 ambaye hakuwahi kugombea chochote: Louis St. Laurent. Alikubali kuja kusaidia mpaka vita viishe, kisha arudi kwenye sheria zake. Februari 1942 Québec-Est ikampitisha. Baba yake alikuwa na duka kijijini Compton na alizungumza Kifaransa. Mama yake alikuwa wa asili ya Ireland, Kiingereza. Alisimulia mwenyewe kwamba utotoni alidhani ndivyo dunia ilivyo, kwamba kila mtoto husema na baba lugha moja, na mama lugha nyingine. Nilicheka peke yangu kibandani niliposoma hilo. Mimi na dada tulikuwa hivyo hivyo. Kimaragoli kilikuwa cha Baba, Kikikuyu cha Mama, na tulipokwenda kucheza kwa jirani na kukuta baba na mama wakiongea lugha moja tulirudi kumwuliza Mama kama wale wazazi ni ndugu.

St. Laurent ndiye anayenisumbua. Watu wake walikuwa na kumbukumbu ya 1918. Katika kura ya maoni ya Aprili 1942, ambapo King aliomba afunguliwe kutoka kwenye ahadi yake ya kutolazimisha watu vitani ng'ambo, zaidi ya asilimia 70 ya mkoa wa Québec walisema hapana, huku nchi kwa jumla ikisema ndiyo. Mwaka 1944 serikali ikaamua kuwapeleka walioandikishwa kwa lazima, na St. Laurent akaunga mkono. Mbunge wa mitaa ile! Na 1945 watu wa Québec-Est wakamchagua tena. Nimegeuza jambo hili kichwani miezi mingi. Wapo watakaosema walisahau. Sidhani. Nadhani walimwona akiwaambia ana kwa ana anachokusudia kufanya, bila kujificha, na hilo wakalipima upande mmoja wa mizani, na hasira upande wa pili. Baba aliwahi kumpigia kura mtu aliyemkatalia ombi lake, kwa sababu alimkatalia mchana, mlangoni, akiwa amesimama.

Vita viliisha na hakurudi kwenye sheria zake. Alikuwa waziri mkuu kuanzia 1948 hadi 1957. Wakati wake Newfoundland iliingia Canada, 1949, na mwaka huo huo rufaa za mahakama zikaacha kupelekwa London. Aliposhindwa na Diefenbaker, kiongozi wa chama pinzani cha Conservative, alistaafu, na 1958 Québec-Est ikaenda kwa Conservative pamoja na viti vingine vingi vya mkoa.

Hesabu: 1877 hadi 1958. Miaka 81, wabunge watatu, wawili kati yao mawaziri wakuu. Sijui ni mtaa gani wa mafundi viatu duniani unaoweza kusema hivyo.

Yaliyobaki nitayapitisha haraka. Chama cha Social Credit kilikichukua kiti 1962, Waliberali wakakirudisha 1965 wakakikalia karibu miaka ishirini, Conservative tena 1984, Bloc Québécois wanaotaka Québec ijitenge wakakipata 1993, na 2000 kikarudi kwa Waliberali. Wakati wote huo mipaka ilikuwa ikisogea kufuata watu waliohama kwenda nje ya jiji. Mwaka 2003 mipaka mipya ikatangazwa, na uchaguzi wa Juni 2004 ukafanyika bila Québec-Est. Moja ya maeneo mapya ya pale likapewa jina la Louis-Saint-Laurent. Mtu akabaki kwenye ramani, Mashariki ikaondoka.

Simlaumu aliyechora. Kule tume huru za mikoa, watu watatu na mara nyingi jaji akiwa mwenyekiti, zilianzishwa kwa sheria ya 1964 ili wabunge waache kujichorea mipaka wenyewe, na kila baada ya miaka 10 sensa ikitoka kazi huanza. Hakuna eneobunge linaloruhusiwa kupishana na wastani kwa zaidi ya asilimia 25, ila kwa sababu ya pekee. Kwetu Katiba, Kifungu cha 89, inasema maeneobunge 290, mapitio kila baada ya miaka 8 hadi 12, na kwenye majiji nafasi ya kupishana ni asilimia 40. Miaka 12 tangu mipaka ya sasa ilitimia Machi 2024, ikapita. Siku moja kalamu itarudi Nakuru, na Mashariki na Magharibi yetu huenda nayo yakakatwa, kuunganishwa au kupewa majina mengine. Sawa. Watu wakiongezeka lazima wahesabiwe.

Ninachotaka ni kiandikwe kilichokuwepo. Québec-Est imefutwa, lakini nikiwa kibandani Nakuru nimeweza kujua nani alishinda kwa kura 315 mwaka 1877, nani alimpisha nani, na nani alianguka kwenye kona gani. Kuhusu Nakuru Town, eneobunge alilopigia kura Baba maisha yake yote, nikimwuliza kijana wa miaka 20 anayekuja kubandikiwa soli, hajui kama lilikuwepo.

Kwa hiyo nimenunua daftari, lile la kurasa 200 lenye jalada gumu. Wazee wakileta viatu nawauliza huku nikishona, na wakiondoka naandika kabla gundi haijakauka. Mama amenisaidia ukurasa wa kwanza. Unasema: 1988, mlolongo. Baba alisimama wa kumi na tisa, amevaa koti la kijivu aliloazima. Mwenye nyumba alikuwa foleni ya pili. Kodi ilipanda kwa shilingi arobaini.

Ukurasa wa pili nimeandika namba nne, viatu vya shule, vyeusi, na wadi ambayo Baba alikumbuka mtoto alitoka. Kama ni vyako, au vya mtu unayemjua, viko kibandani. Nilivipaka rangi tena wiki jana.